Makopo ya Rosa

Mtu mzima akitaka kudanganya, basi achague uongo usio na ndugu. Aseme anakwenda kwenye mkutano wa ushirika, aseme anakwenda kutafuta mbegu, watu watamwacha aende zake. Valeriani wa Michenga, na miaka yake sitini na mbili, alisema anaumwa. Huku kwetu bonde la Kilombero ukisema unaumwa umeshaalika watu. Watakuja kukuona, utake usitake, na chupa ya uji mkononi.

Siku yake ya kwanza Lusaka, mji mkuu wa Zambia, aliianza kwa kelele. Kulikuwa kunapambazuka. Ndege wa watu walikuwa wametua kwenye mti nje ya dirisha la binti yake Dativa, wanapiga soga zao, hawana habari na mtu. Valeriani aliruka kitandani macho bado yamefumba, akapiga makofi na kupaza sauti ya shambani, "Hoyaa! Haa! Hoyaa!" Mkono wa kulia ulikuwa unavuta kamba ambayo haipo. Ng'ambo ya ukuta mtoto wa jirani akaanza kulia.

Dativa alikuja mbio na khanga kifuani, akamkuta baba yake amesimama katikati ya chumba na fulana. Alicheka mpaka akakaa chini mlangoni.

"Shikamoo, baba. Hapa hakuna mpunga."

"Marahaba. Nilikuwa naota."

Hakuwa anaota. Mwili ulikuwa umeamka kabla yake na kwenda kazini, kama ulivyozoea mwezi wa tano wa kila mwaka. Mwezi huo mpunga wa Michenga unatia maziwa, na kwelea kwelea wanapenda punje ya maziwa kuliko kitu chochote. Wanakuja mara mbili kwa siku: alfajiri mpaka saa nne, halafu saa tisa mpaka jua lizame. Mchana jua likiwaka wanajificha vichakani, na mwenye shamba naye anapata kupumua. Wakitua shamba halina mtu, jioni moja tu inatosha. Unabaki na mabua.

Shamba la Valeriani limepakana na la Kasmiri, na dungu lao ni moja. Walilijenga mpakani, juu ya miti minne, na kutoka pale kamba zinakwenda pande zote mbili. Kamba za Valeriani zimefungwa makopo ya maziwa ya unga yenye misumari ndani. Aliyafunga mkewe Rosa kwa mkono wake, kopo moja moja, msimu wa mwisho kabla hajaugua. Kamba za Kasmiri zina chupa za plastiki zilizotiwa kokoto. Za Rosa zinalia kengele, za Kasmiri zinachakacha, na mtu aliyelala nyumbani Michenga anajua kwa masikio tu nani anavuta.

Ndege wakija kila mmoja anavuta zake. Mmoja akiugua, akiuguliwa au akifiwa, mwenzake anavuta zote, na hapo walikuwa na sheria moja: unaanza na shamba la asiyekuwepo, ndipo lako. Hawakuiandika popote. Mwaka Rosa alipolazwa, Kasmiri alianza na la Valeriani jioni zote, na lake likaliwa nusu. Hakusema kitu. Tena mchana ndege wakipumzika alipanda baiskeli mpaka hospitali kubwa ya Ifakara na uji wa mgonjwa, kila siku ya Mungu, mpaka siku ile alipofika na uji akakuta Rosa hayupo tena. Ndiye aliyechimba kaburi, na ndiye aliyemshika Valeriani mkono wakati wa kutupa udongo.

Huyo ndiye aliyedanganywa.

Na alidanganywa kwa ajili gani? Kwa ajili ya matembezi. Mimi simtetei. Tangu akiwa kijana Valeriani alikuwa anasimama na jembe mkononi kuangalia treni ya Zambia ikipita bondeni, na kila mara alijiuliza watu wale wanakwenda kuona nini. Dativa akaja kupata kazi huko, jikoni kwenye hoteli moja. Mwaka huu akamtumia baba yake tiketi ya basi, akamwambia, baba, likizo yangu ni wiki hii tu, njoo uone mji. Wiki hiyo ilikuwa ya ndege. Mtu mwenye akili zake angesema haiwezekani. Au angemfuata mwenzake na kumwambia, ndugu yangu, nimekuwa mzee, roho inataka, nisaidie. Kasmiri angeguna, angemtania mwezi mzima, angemwachia aende. Lakini Valeriani aliona aibu kusema ukweli mdogo, akaenda kubeba uongo mkubwa. Alisema ni tumbo. Alisema anatakiwa alazwe, apimwe siku chache.

Kasmiri alimfungia begi kwenye bodaboda yeye mwenyewe. Akatoa shuka lake la kijani nyumbani na chupa ya chai, akavichomeka ndani. "Hospitali ni baridi asubuhi," alisema. Valeriani akapokea. Bodaboda ilimshusha stendi ya Ifakara, na badala ya kuelekea hospitali akapanda gari la Mikumi, na Mikumi akalidaka basi la Lusaka.

Sasa Dativa alikuwa anatandika kitanda cha wageni. Alilishika shuka, akaliangalia, akaiangalia na chupa ya chai pale juu ya meza.

"Baba, mbona umekuja na vitu vya kulazwa?"

"Safari ndefu, mwanangu."

"Na baba mdogo Kasmiri hajambo? Alisemaje uliposema unakuja?"

"Anakusalimu sana," alisema Valeriani, na huo ukawa wa pili.

Walifika mjini jua likiwa bado la upole. Mei ya Lusaka ina ubaridi wake, na barabara ile kubwa wanayoiita Cairo ni pana kiasi kwamba Valeriani alisimama kwanza ukingoni, akaipima kwa macho kama mtu anayetaka kuvuka mto. Katikati yake wamepanda miti na kuacha njia ya watembea kwa miguu. Majumba pande zote mbili, wauza tufaha, wauza vitenge, mabinti wenye suti wanatembea kama wanachelewa ibada. Mama mmoja aliyekuwa anauza karanga aliinama na kupiga makofi mawili polepole kumsalimu. "Muli bwanji," alisema. Valeriani naye akainama, akapiga makofi mawili. Alifurahi sana. Kwa muda wa kuvuka barabara ile alikuwa mtu mwenye furaha, na ningependa kusema furaha ilidumu.

Simu ikalia. Laini yake ilikuwa inashika mpaka kule, Dativa alikuwa ameiwekea vocha ya kutosha jana. Jina kwenye kioo: Kasmiri. Valeriani alisogea pembeni, chini ya mti, akampa binti yake mgongo.

"Baba Dativa, umeamkaje?"

"Hivyo hivyo."

"Ndege wameshapumzika. Leo wamekuja wengi, nimevuta mpaka kwapa linauma, lakini lako halijaguswa. Baiskeli imetoka kwa fundi jana jioni, ndiyo maana sijafika. Sasa shemeji yako Agnella amemchinja yule jogoo mwekundu, supu iko jikoni. Mwenyewe goti linamsumbua, nakuja peke yangu. Saa ya kuona wagonjwa nitakuwa hapo, na saa tisa nimesharudi dunguni."

"Usijisumbue, Kasmiri."

"Kusumbuka nini? Uko wodi gani?"

Lori lilipita likipiga honi.

"Mbona nasikia magari?"

"Nimetoka nje, napunga upepo."

"Usikae juani na tumbo hilo. Wodi gani?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Neno moja tu lingetosha, na Kasmiri angebaki Michenga, angekunywa supu ya jogoo wake mwenyewe na kulala usingizi wa mchana. Valeriani alifungua mdomo. Akamwona Dativa anamjia na ndizi mbili mkononi, anatabasamu, na Dativa alikuwa anaamini baba yake ameaga vizuri kwao.

"Ya wanaume," alisema. "Lakini hawapendi wageni."

"Tangu lini?" Kasmiri alicheka, akakata.

Ndizi ile aliila hakujua ladha yake. Alijiambia atapiga baada ya dakika tano, Dativa akiingia dukani. Dativa aliingia dukani, yeye akajiambia Kasmiri bado anaoga. Saa yake ya mkononi ilikuwa bado ya nyumbani, na Lusaka wako nyuma kwa saa nzima, kwa hiyo nyumbani ikawa saa tano wakati ukutani kwenye benki ni saa nne. Alichagua kuiamini ile ya benki. Alijua anajidanganya. Alipopiga, Kasmiri hakupokea, kwa sababu mtu akiwa juu ya baiskeli kwenye vumbi hasikii simu iliyo mfukoni. Alipiga mara moja tu. Hakurudia, na ukitaka kujua ukweli, moyo wake ulipata nafuu kidogo, maana sasa angeweza kusema alijaribu.

Mtu mzima hovyo.

Dativa alimpeleka kuona sanamu ya uhuru. Ni mtu wa chuma, amesimama juu ya jiwe, mikono yote miwili ameinyanyua juu ya kichwa na mnyororo alioukata. Watalii wawili walikuwa wanapigana picha. Valeriani alimwangalia yule mtu kwa muda mrefu.

"Anafanana na mtu anayewinga ndege," alisema.

"Baba, wewe na ndege wako. Simama hapo nikupige picha, niwatumie watu Michenga."

"Usitume."

"Kwa nini?"

"Sijachana nywele."

Nywele zenyewe hana. Dativa alimtazama kidogo, akairudisha simu kwenye mkoba.

Walikula kwenye banda moja karibu na soko. Ugali wao wanauita nshima, mweupe na laini, na dagaa wao ni kapenta, wamekaangwa na nyanya. Mpishi aliwaletea maji ya kunawa kwa heshima zote. Tonge la pili halijafika mdomoni, simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Saa ya mkononi ilisema saba kasoro robo. Kasmiri amefika. Kasmiri amesimama kwenye korido na supu ya jogoo mwekundu, anauliza. Valeriani aliitoa simu, akaizima sauti, akaiweka juu ya benchi na kuikalia.

"Nani huyo?" aliuliza Dativa.

"Matapeli."

Ilitetemeka chini ya paja lake mpaka ikachoka. Akaendelea kutafuna. Nafsi ilikuwa inamsuta kiasi kwamba kila dagaa alimwona ana jicho. Alifikiri: ataambiwa sipo, atarudi nyumbani, ataudhika, nitamwomba radhi nikirudi. Aliupanga uongo mwingine palepale, wa kuhamishiwa hospitali nyingine, na ulikuwa uongo mzuri tu. Alichosahau ni kwamba Kasmiri si mtu wa kuambiwa hayupo akageuka. Aliwahi kuambiwa hayupo kwenye jengo lilelile, na siku hiyo neno lilikuwa na maana moja.

Baada ya chakula waliingia jumba la makumbusho. Kulikuwa na ngoma, vyungu, mitumbwi, na kwenye kona moja mgono wa kutegea samaki, umesukwa vilevile wanavyosuka wavuvi wa Kilombero. Dativa alimwita aone, akaja, hakuona. Simu ilitetemeka tena. Ikanyamaza. Ikatetemeka tena. Alitazama mkononi: saa tisa na dakika kumi.

Saa tisa Kasmiri alitakiwa awe dunguni. Kama bado anapiga, bado anatafuta. Na kama bado anatafuta, dungu ni tupu, mashamba mawili hayana mtu, na kwelea kwelea hawana likizo. Hapo hata mtoto angeelewa: uongo wake ulikuwa unakula mpunga wa mtu mwingine, sasa hivi, punje kwa punje. Alimwambia binti yake anataka hewa. Akatoka, akakaa kwenye ngazi za nje na simu mapajani, akaogopa kuigusa. Alikaa hivyo zaidi ya saa nzima. Dativa alidhani amechoka, akamnunulia maji, akakaa kando yake.

Ilipotetemeka tena, saa kumi na nusu ya nyumbani, alipokea.

"Uko hai," alisema Kasmiri.

Sauti yake haikuwa ya kuuliza. Alikuwa anahema, na nyuma yake ulisikika mnyororo wa baiskeli.

"Niko hai."

"Nimezunguka wodi zote za wanaume. Jina lako halimo. Nikaenda za wanawake, nikasema labda wamekosea kitanda. Halimo. Nesi mmoja, binti mpole sana, akaniuliza, mzee, umeangalia na kule nyuma? Nikaenda kule nyuma, Baba Dativa. Palepale alipolala shemeji Rosa. Wakanifunulia mmoja, nikasema siye. Wakanivutia wa pili, mrefu kama wewe, miguu imetoka nje ya shuka. Kabla hawajafunua uso nikakaa chini. Supu yote imemwagika. Wakaninyanyua, nikaangalia, nikasema siye. Sijui nimekaa pale muda gani."

Valeriani alilia. Siwezi kulipamba hilo, alilia mbele ya watu wanaopanda ngazi.

"Kasmiri. Niko Lusaka."

"Lusaka ipi?"

"Ya Zambia. Kwa Dativa. Siumwi. Nilikuja kutembea."

Kando yake Dativa aliacha kunywa maji.

Mnyororo wa baiskeli ulinyamaza, Kasmiri amesimama. Valeriani alisubiri tusi. Alilitamani, maana tusi lingempa pa kuanzia kuomba radhi.

"Huumwi," alisema Kasmiri.

"Siumwi, ndugu yangu."

"Basi Mungu ashukuriwe."

Na hakuwa anakejeli. Ungeisikia sauti yake ungejua. Ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Halafu ikabadilika, ikawa ya kazi: "Nimefika kwenye mfereji. Wameshatua. Ee, wametua pande zote."

Hakukata. Aliichomeka simu mfukoni ikiwa wazi na kukimbia. Valeriani aliibana simu sikioni kwa mikono miwili. Alisikia nguo ikisugua, pumzi ya mzee, miguu kwenye maji, kisha miti ya ngazi ya dungu ikilia, ya kwanza, ya pili, ile ya tatu iliyolegea ambayo yeye Valeriani ameahidi kuifunga tangu Pasaka.

Akajua kinachofuata, akaruka kusimama.

"Anza na lako!" alipiga kelele. "Kasmiri, mimi siumwi! Anza na lako!"

Ilikuwa sauti ileile ya alfajiri. Watu kwenye ngazi waligeuka, mlinzi akasogea. Lakini simu iliyo mfukoni haisikii, na Kasmiri alikuwa na kamba mkononi.

Makopo yalilia. Yalilia kutoka Michenga mpaka Lusaka, misumari ndani ya mabati, kamba ya kwanza, kamba ya pili, kamba ya tatu, kwa mpango uleule aliouacha Rosa. Yakatulia kidogo. Valeriani alisubiri kokoto za Kasmiri. Makopo yakaanza upya.

Dativa alisogea, akaweka sikio lake upande wa pili wa simu. Alikuwa hajamwangalia baba yake usoni tangu alipolisikia neno Lusaka.

"Ni nini hicho?" aliuliza.

"Shamba letu," alisema Valeriani. "Lake silisikii."